SOMO LA MASHINI: Ufunguo wa Windows, na Namna ya Kuupata Pasipo Kuiba



Kwa namba hii sisi wa komite ya wanafunzi tunaleta somo juu ya laptopu. Tunajua wengine watasema: «Hapa Kampene laptopu ni ngapi? Na umeme uko wapi?» Ni kweli, si nyingi, na zile zilizopo zinapata nguvu kwa pano ya jua ao kwa gurupu. Lakini njo sababu tunaandika. Mtu mwenye mashini mia, moja ikikataa hana shida. Sisi wenye moja, ikikataa, kazi yote inasimama. Hata bulteni hii inaandikwa kwanza kwa laptopu ile moja, kisha karatasi zinapelekwa kwa fotokopi.

Somo hili tumelinunua kwa bei kubwa. Soma pole pole, usilinunue mara ya pili.

1. MAMBO YALIYOTUPATA

Laptopu yetu tuliinunua kwa mchango wa wanafunzi. Ni mashini ya mkono wa pili, kama karibu zote zinazofika kwetu kwa njia ya Kindu. Muuzaji aliiwasha mbele yetu, Windows 10 ikafunguka vizuri, tukalipa, tukarudi na furaha. Hakuna mmoja wetu aliyeuliza juu ya leseni.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Maana yake si kwamba mashini zilizimika siku ile. Maana yake ni kwamba zile dawa za kuziba matundu ya usalama, ambazo zilikuwa zinatumwa bure kila mwezi, zilikoma. Sisi tukasema: basi, tuipandishe mashini kwa Windows 11. Mwenzetu mmoja aliyekwenda Kindu akatuletea Windows 11 ndani ya fleshi. Tukaiweka, ikakubali. Tukapiga makofi.

Siku chache baadaye, chini ya skrini, upande wa kuume, yakatokea maneno: «Activer Windows». Tulipofungua ukurasa wa Activation, tukakuta alama hii: 0xC004F074. Ndugu, tuliogopa. Mmoja wetu alisema: «Mashini imekufa, tutawaambia nini wenzetu waliotoa feza?»

Kwa woga ule tukafanya makosa mawili. Kosa la kwanza: tulimlipa kijana fulani dola 15 atuuzie ufunguo. Tuliuandika, ukakataliwa, kwani ulikuwa umekwisha kutumiwa na watu wengi. Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza: tulikubali atuwekee krake, yaani programu ya kuidanganya Windows. Alituambia kwanza tuzime ulinzi wa virusi, «kwa sababu inasumbua kazi». Tukauzima kwa mikono yetu wenyewe. Maneno ya skrini yakaondoka, tukamsifu.

Haikufika juma mbili. Dosie zote zikageuka kuwa njia za mkato ambazo ukibonyeza hazifungui kitu. Kila fleshi iliyoingia ilitoka na ugonjwa ule ule. Mihutasari ya masomo ambayo sisi wafinalisti tuliandika kwa ajili ya Examen d'État, kazi ya miezi mine, karibu yote ilipotea. Tulichookoa ni kile tu kilichokuwa kwa fleshi ya mwalimu mmoja.

Mwalimu wa informatike hakutugombeza sana. Aliuliza tu: «Mmetafuta ufunguo kwa watu. Je, mmeiuliza mashini yenyewe?» Akaandika amri moja. Alama 25 zikatokea kwa skrini. Ufunguo wa kweli, uliolipwa siku mashini ilipotengenezwa, ulikuwa umelala ndani yake muda wote. Tulikuwa kama mtu anayeomba maji kwa jirani, kumbe kisima kiko nyuma ya nyumba yake.

2. LESENI NI KITU GANI?

Wengi wetu tuko watoto wa wachimbaji wa zahabu, basi tutaeleza kwa mfano wa nyumbani. Sheria ya madini ya inchi yetu, ile ya tarehe 11 Julai 2002 iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inaomba mchimbaji wa mkono awe na karte. Mtu anaweza kuwa na beleshi, karai na nguvu za kutosha, lakini beleshi si karte. Beleshi ni chombo cha kazi, karte ni haki ya kazi.

Windows iko vile vile. Ile Windows iliyo ndani ya fleshi ni beleshi: ni ile ile kwa kila mtu, na Microsoft yenyewe inaitoa bure kwa mtandao. Leseni njo karte. Na ufunguo, yaani zile alama 25 zilizogawanywa mafungu matano ya alama tano, ni namba ya karte.

Karte ziko za namna tatu:

(a) Leseni ya kiwanda, iitwayo OEM. Imefungwa kwa mashini moja tu, kama karte yenye picha ya mwenyewe. Inaishi na kufa pamoja na karte-mère, yaani kile kibao kikubwa cha ndani. Mashini za wakati wa Windows 7 zilikuwa na ufunguo kwa karatasi ndogo iliyobandikwa chini yao. Tangu Windows 8, yaani tangu 2012, viwanda vikaanza kuuandika ndani ya kibao kile, na karatasi ile haina alama tena. Ndiyo sababu wengi hugeuza laptopu, hawaoni kitu, wanafikiri haina ufunguo.

(b) Leseni ya dukani, iitwayo Retail. Mtu ameinunua mwenyewe. Anaweza kuitoa kwa mashini ya zamani na kuipeleka kwa mpya, lakini kwa moja tu kwa wakati mmoja.

(c) Leseni ya jumla, iitwayo Volume. Hii ni ya makampuni, maofisi na universite. Namna yake inayojulikana zaidi ni KMS: mashini za ofisi zinapewa ruhusa ya siku 180, na kabla ya siku hizo kwisha ni lazima zisalimie tena mashini kubwa ya ofisi. Ikitolewa ofisini na kuuzwa, haina tena wa kumsalimia.

Krake nyingi hujifanya kuwa ile mashini kubwa ya ofisi. Kumbe laptopu yetu ilikuja na krake ya namna hiyo tangu siku ya kununuliwa. Ndiyo maana ilionekana nzima kwa Windows 10, na tulipoipandisha, uongo ukaanguka.

Tangu 2015 kuna jambo lingine tena: leseni ya kidijitali. Windows ikikwisha kukubaliwa kwa mashini fulani, Microsoft inaiandika mashini ile katika kitabu chake. Ukiiweka tena Windows ya namna ile ile kwa mashini ile ile, hulazimiki kuandika ufunguo. Unabonyeza kwamba huna ufunguo, unaendelea, na mashini ikipata mtandao inatambuliwa.

3. KABLA YA KUPANDISHA MASHINI

Fuateni hatua hizi kwa utaratibu. Zinaomba dakika kumi tu.

Hatua ya 1. Iulize mashini leseni yake ni ya namna gani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, kisha bonyeza Entrée. Soma neno lililo karibu na jina la Windows. Ukiona OEM_DM, ufunguo uko ndani ya kibao, shukuru. Ukiona RETAIL, ni ya dukani. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwa mashini isiyo ya ofisi yoyote, fahamu kwamba kuna uongo ndani. Andika tena slmgr /xpr: ikikwambia kwamba ruhusa ni ya siku zote, vema, ikikupa tarehe ya mwisho, ni ile ya siku 180. Hatua hii ifanyike hata mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa feza. Muuzaji wa kweli hatakasirika.

Hatua ya 2. Tafuta ufunguo wa ndani. Fungua PowerShell, andika amri hii kwa mstari mmoja, bila kukosea:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Alama 25 zikitokea, uziandike kwa daftari. Mstari ukibaki mtupu, mashini haina ufunguo wa ndani.

Hatua ya 3. Jua kama ni Home ao Pro. Ufunguo wa Home haufungui Pro, kama vile ufunguo wa kalasi haufungui mlango wa biro ya Bwana Prefe. Kwa mashini yetu, ufunguo wa ndani ulikuwa wa Home, lakini muuzaji alikuwa ameweka Pro.

Hatua ya 4. Tazama kama mashini ina nguvu ya Windows 11. Inaomba RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM ya namba 2.0. Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, utaona namba yake. Kwa Intel, tazama jina la prosesa: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, inakubaliwa, i5-7200U ni ya kizazi cha 7, inakataliwa.

Hatua ya 5. Weka kopi ya maandishi yako yote kwa fleshi iliyo safi, na fleshi ile isikae pamoja na laptopu. Sisi tuliiruka hatua hii, ninyi mmekwisha kusikia matunda yake.

Hatua ya 6. Tazama saa na tarehe. Mashini iliyokaa siku nyingi bila umeme, na batiri yake ndogo ya ndani imechoka, inaweza kuamka ikisema tuko mwaka 2015. Ikiwa tarehe ni ya uongo, mtandao hauwezi kuisadiki, na leseni nzuri inakataliwa. Tengeneza tarehe kwanza.

4. WINDOWS IKIKATAA

Jambo la kwanza: usiogope. Windows isiyo na ruhusa haifuti maandishi yako na haizimi mashini. Maneno yanakaa kwa pembe ya skrini, na huwezi kugeuza picha na rangi zake, basi. Unayo nafasi ya kufikiri. Woga njo uliotufanya tulipe dola 15.

Jambo la pili: soma alama. Kwa Windows 11 fungua Paramètres, Système, Activation. Alama zinazoonekana mara kwa mara ni hizi:

– 0xC004F074 ao 0x8007232B: Windows inatafuta mashini kubwa ya ofisi, haiipati. Kama wewe si wa ofisi, weka ufunguo wako wa kweli.
– 0xC004F050: ufunguo umeandikwa vibaya, ao si wa Windows hii.
– 0xC004F212: ufunguo ni wa namna nyingine, kwa mfano Home kwa Pro.
– 0xC004C008: ufunguo umetumiwa kwa mashini nyingine, ao kwa nyingi kupita ruhusa.
– 0xC004C003: ufunguo umefungwa na Microsoft.
– 0x803F7001: hakuna leseni iliyoonekana kwa mashini hii. Hutokea sana baada ya fundi kubadilisha karte-mère.

Kwa shida hii ya mwisho kuna msaada kama uliiunganisha leseni yako ya kidijitali na konti ya Microsoft kabla ya fundi kufungua mashini. Kwa ukurasa ule ule wa Activation kuna chombo cha kutatua shida. Unaingia na konti yako, unasema kwamba umebadilisha vyombo vya ndani, kisha unaichagua mashini yako. Lakini kama leseni ni ya kiwanda na kibao kimebadilishwa, mara nyingi karte imekufa pamoja na mwenyewe.

Kama alama ni ya ufunguo ulioandikwa vibaya, kuna siri moja ambayo wengi hawaijui. Ufunguo wa Windows hautumii herufi zote. Hakuna A, E, I, O wala U. Hakuna L, S wala Z. Tena hakuna 0, 1 wala 5. Basi, kama umesoma «O» kwa karatasi iliyofutika, tazama tena: labda ni Q ao D. Kama umeona «S», labda ni 8. Chunga sana B na 8, G na 6, V na Y. Na kwa klavye yetu ya AZERTY, usisahau kwamba namba za juu zinaomba kitufe cha Maj.

5. GINSI TULIVYOPONYESHA MASHINI YETU

Kutoka Pro kurudi Home hakuna njia ya kuteremka huku ukichunga programu zako. Inalazimu kufuta yote na kuanza upya. Kwa sababu ya virusi tulipaswa kufuta yote hata hivyo.

Tulitafuta fleshi ya gigabaiti 8, kwa kuwa Windows 11 inapita gigabaiti 5. Kuivuta kwa mega za telefone hapa kwetu ni gharama. Ni heri kumwomba mtu aivute mahali penye mtandao mzuri, kutoka kwa Microsoft yenyewe na si kwa mkono wa mtu. Tulipoanza, Windows iliusoma ufunguo wa ndani, ikachagua Home pasipo kuuliza. Hapo tukajua kwamba mashini na karte yake wamepatana.

Shida ilikuwa moja. Windows 11 Home, katikati ya kazi, inaomba mtandao na konti ya Microsoft, na Wi-Fi ya laptopu haikuonekana bado. Tulichukua kamba ya telefone, tukaiunganisha na laptopu, tukafungua ugawaji wa mtandao kwa njia ya USB. Ikapita. Tulipofungua ukurasa wa Activation, Windows ilikuwa imekwisha kukubaliwa. Hatukulipa hata falanga moja ya ufunguo.

6. NA MASHINI YA ZAMANI?

Wengine wana laptopu iliyokuja na Windows 7. Zamani walibahatika: kuanzia tarehe 29 Julai 2015 Microsoft iliruhusu kupanda bure kwa Windows 10 kwa mwaka mmoja, na hata baada ya mwaka ule mlango ulibaki wazi kidogo. Mwezi wa Septemba 2023 Microsoft ilisema wazi kwamba mlango umefungwa. Ufunguo wa Windows 7 haufungui tena Windows 10 wala 11 kwa mashini ambayo haijapanda bado.

Kwa mashini ya namna hiyo msipoteze feza kwa ufunguo. Kuna Linux. Ilianza 1991 kwa mkono wa Linus Torvalds, ambaye siku zile alikuwa mwanafunzi tu wa universite kule Helsinki, inchi ya Finland. Hakuna ufunguo, hakuna siku 180. Leseni yake yenyewe inasema: tumia, kopi, mpe ndugu yako. Kuna Linux Mint, inayokubali hata RAM ya gigabaiti 2, na kuna Ubuntu, iliyoanza 2004 kwa kazi ya Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Ubuntu maana yake ni utu. Pamoja na LibreOffice, unaandika barua, unahesabu pointi, unatayarisha bulteni. Kugawa kopi yake si wizi, ni tendo jema.

7. NENO JUU YA KRAKE

Wenzetu wengine watasema: «Kila mtu anatumia krake, na Microsoft ni tajiri, haisikii maumivu.» Sisi pia tulisema vile. Lakini tumeona mambo mawili. La kwanza, anayekuomba uzime ulinzi ili aingie, usishangae kesho ukikuta nyumba haina kitu. La pili, tumefundishwa amri ya nane tangu tukiwa wadogo, na haikuandikwa kwamba kumwibia tajiri ni ruhusa. Inchi yetu nayo inayo sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Na aibu yetu ni hii: tuliiba kitu ambacho tayari kilikuwa chetu.

Kwa wenzetu waliotoa mchango, tunaomba msamaha kwa zile dola 15. Wafinalisti wote tumekubaliana kuandika upya mihutasari ile, kila mtu somo moja, na kopi zitakaa mahali patatu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya Windows yenyewe na leseni yake kwa mfano wako mwenyewe, si ule wa beleshi.
2. Rafiki yako anataka kununua laptopu. Ni amri gani mbili utakazoandika mbele ya muuzaji, na utasoma nini?
3. Kati ya funguo hizi mbili, upi una kosa la kusoma, na kwa nini? (a) unaoanza na BK7QX. (B) unaoanza na B0K5L.
4. Mashini inasema 0xC004F212. Ufanye nini kwanza?
5. Kwa nini saa mbaya inaweza kuzuia leseni nzuri?

Majibu yataletwa kwa mwalimu wa informatike, kwa karatasi yenye jina na kalasi. Na mwenye laptopu nyumbani, ya baba ao ya mjomba, aandike slmgr /dli jioni ya leo kabla hajalala. Kesho atuambie aliona neno gani.

Kazi njema kwenu wote.

Komite ya wanafunzi, Kampene